Neno Alilolisema Baba Thelujini

Mlima Tamarack, Michigan
9 Machi

Mpendwa Dada Raili,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Roy, pamoja na wale paka wako wawili wasio na adabu. Huku tupo. Theluji bado inagusa madirisha, na jana nilipanda kulikwangua paa la sauna kabla halijabonyea, huku Baba akinipigia kelele kutoka dirishani kwamba nashika koleo kama mtu anayekoroga uji. Kwa hiyo usihofu, sauti yake ipo. Mkate wa iliki uliotuma aliumaliza kwa siku mbili, na makombo shatini akayakana. Vidonge anameza asubuhi na jioni bila ubishi, na wewe na mimi tunajua hilo si kawaida yake. Ngazi ndizo zinazomshinda. Siku hizi analala chini, kwenye chumba cha kushonea cha Mama.

Jumapili ulinilalamikia kwenye simu kwamba nakujibu kama karani wa posta. Ni kweli. Kuna jambo, na kwa simu sitaliweza, maana ukianza kulia tu mimi nitaanza kudanganya. Tafadhali kaa, isome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Unajua Jumamosi zangu zinakwenda wapi. Mwaka wa kumi na mbili huu nawafundisha watu wa kujitolea wa doria ya mlimani jinsi ya kumhudumia aliyeumia nje, kwenye baridi, kabla hajafika kwa daktari. Msimu huu nina sita: fundi bomba, walimu wawili, mwenye duka la rangi na mkewe, na Colette Perrault, dereva wa basi la shule. Huyo unamjua kwa jina la "yule mwanamke." Ili wajifunze wanahitaji wagonjwa wa kuigiza, na tangu atoke mgodini hakuna mgonjwa anayemfikia Baba. Mwaka juzi alivunjika nyonga ya uongo, akamtukana mwanafunzi mmoja kwa Kifini kwa ufundi mkubwa hivi kwamba mgeni aliyekuwa akiteleza kwa skii pale alisimama akavua kofia.

Sasa, mgonjwa wa kuigiza kazi yake ni kulia na kuomba msaada. Kwa hiyo lazima liwepo neno moja ambalo si maigizo. Akilitamka, basi, ameumia kweli, kila kitu kinasimama. Miaka yote neno letu lilikuwa "kahawa." Taabu ni watu wetu wenyewe, Dada. Mlaze Mfini thelujini nusu saa uone kama hataitaka kahawa! Msimu uliopita tulisimamisha zoezi mara nne kwa siku moja, na mara zote nne ilikuwa ni kiu tu. Novemba, kwenye mkutano wa kikosi, nikasimama mimi mwenyewe nikapendekeza tubadilishe. Likapita neno "zabibu," kwa sababu nilisema hakuna mtu wa huku anayetamani zabibu hata akiwa anazama. Watu walicheka, nami nikajiona mjanja.

Baba hakuwepo kwenye mkutano huo. Ilikuwa wiki ya kuwinda kulungu, alikuwa kambini. Wala haikuhitajika awepo, maana kumwambia mgonjwa neno asubuhi ya zoezi ni kazi ya mwalimu. Ndiyo mstari wa kwanza kwenye karatasi yangu, na karatasi hiyo niliiandika mimi.

Asubuhi ile ya Januari tuligombana njiani. Kwanza breki zangu, eti nakanyaga kama ninaua mende. Kisha akasema nawafokea wanafunzi, kwamba amewasikia wakinong'ona juu yangu, na kwamba Mama angeona haya. Nikamwambia kazi yake siku hiyo ni kulala chini na kuvunjika paja, mengine hayamhusu. Kuanzia kituo cha mafuta mpaka mlimani hatukusemeshana. Nilimpaka damu ya sharubati kwenye suruali, nikampa kadi yake yenye majeraha ya kuigiza, nikamlaza chini ya mnara wa tatu wa lifti ya kuwapandisha watelezaji, nikaondoka nimenuna. Neno sikumwambia.

Zamu ya kuongoza ilikuwa ya Colette. Alipiga magoti, akajitambulisha kwa upole, akaupapasa mguu, akaanza kuufunga banzi. Baba akaguna. Mimi nikawavuta wengine kando nikawaambia, jamani msikilizeni mzee huyu, ndivyo maumivu yanavyosikika. Nilimsifia, Raili. Kisha akasema kifua kinambana. Kwenye kadi kifua hakikuwepo. Nikajua ananikomoa, anaongeza chumvi ili anivurugie zoezi kwa sababu ya maneno ya garini. Colette akageuka akaniambia, mwalimu, huyu anatoka jasho, na baridi yote hii, halafu rangi yake siipendi. Nikamwambia weee, tibu kilichoandikwa, usimwache mgonjwa akuchezee. Nikaandika na alama mbaya kwenye karatasi yangu: anayumbishwa na mgonjwa.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui nani alifanya nini. Dakika kumi na nne baada ya zoezi kuanza, Baba alizimia na moyo ukasimama. Aliyelitupa lile banzi na kumpasulia koti ni Colette. Aliyemkandamiza kifua huku akihesabu kwa sauti ni Colette. Mashine ya kushtua moyo ilipofika, aliyeiweka ni yeye, na moyo ukarudi chini ya mikono yake. Mimi nilikuwa nimesimama na penseli. Mwalimu wa miaka kumi na miwili, nimeganda!

Dale, mkuu wa kikosi, alipotuita kuuliza ilikuwaje mguu ukafungwa muda wote ule, nilijibu kwamba wanafunzi walichelewa kuzitambua dalili. Hakuna neno la uongo ndani ya sentensi hiyo, na bado imeoza. Colette alikuwa ameketi mbele yangu. Alisema ni kweli, alipaswa kuyaamini macho yake. Amri yangu hakuitaja. Nadhani aliona mwanafunzi hamshtaki mwalimu wake. Wakamwondoa kwenye uokoaji mpaka mtihani, akawa mtu wa kubeba mablanketi. Nawe nilikwambia maneno yale yale kwa simu kutoka hospitali, ndipo ukamwandikia ile barua, kwamba mtu anayefunga mguu mzima huku mzee anakufa asiruhusiwe hata kubandika plasta. Sikulaumu. Uliandika kwa wino nilioutia mimi.

Barua hiyo Colette aliniletea kwenye kambi ya doria. Hakuwa na hasira. Alinionyesha, akasema dada yako ana haki, nionyeshe nilipokosea nisirudie tena. Nami nikamwonyesha! Saa mbili nzima nilimrudisha kwenye banzi lile, funga, fungua, tazama uso, funga tena, nikimkosoa hapa na pale kwa sauti yangu ile ile ya ukali. Alipoondoka alinishukuru.

Bado sijafika penyewe. Nazunguka, unaona.

Baba alisema kahawa.

Alisema mara mbili. Aliinua mkono kidogo akasema kahawa, Sylvia. Akavuta pumzi, akasema tena, kahawa, akinitazama mimi, si Colette. Nikacheka. Nikamwambia utakunywa mguu ukishapona, mzee. Wanafunzi nao wakacheka, maana hakuna hata mmoja aliyelijua neno la zamani, wote ni wapya. Pale mlimani aliyelijua ni mimi peke yangu. Dada, mimi ndiye niliyelifuta neno lile, na sikumpa jingine, na alipolitumia nikamcheka. Hakulisema tena. Alifumba macho kama mtu aliyekwisha kufanya lililo lake.

Na anakumbuka. Siku ya nne hospitalini aliniuliza kama neno lilibadilishwa. Nikamwambia ndiyo, Novemba. Akasema, ungeniambia, mwanangu, akaniomba nishushe pazia. Basi. Hajalitaja tena. Lakini ulipopiga simu ile siku ukamchambua Colette mpaka kope, Baba alikuwa pale kwenye kiti chake, akapunguza sauti ya televisheni asikie nitakujibu nini. Nilikujibu kwamba watu hujifunza kwa makosa. Akaipandisha tena sauti.

Hiyo ndiyo iliyonishinda. Nimejikaza wiki sita, lakini ile televisheni imenishinda.

Alhamisi nilimpelekea Dale maelezo yote kwa maandishi, na koti langu jekundu la doria pamoja na beji ya mwalimu. Hajaniambia uamuzi, wala simsukumi. Siku hiyo hiyo nilikwenda yadi ya mabasi kumtafuta Colette. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, sikupunguza. Nilitegemea anipigie kelele, na ningeshukuru. Aliniuliza jambo moja tu, kama zile saa mbili kambini, alipokuwa akifunga na kufungua, mimi nilikuwa najua. Nikamwambia ndiyo. Akapanda basini kwake, akawasha gari, akaenda kuchukua watoto wa shule.

Siombi unisamehe upesi, na kama hutaki kusikia sauti yangu, mpigie Baba mchana, mimi huwa kazini. Ninachokuomba ni barua nyingine kwa Colette, kwa mkono wako, kwa sababu ile ya kwanza ameihifadhi. Niliiona juu ya dashibodi, imekunjwa vizuri. Baba amesema ukiandika, umtumie yeye kwanza, atie sahihi yake chini ya yako. Nilipomuuliza kama na mimi nitie, alisema mimi nisubiri kwanza.

Msalimie sana shemeji. Baba anakusalimu, na jirani Aili anauliza utakuja lini. Mungu akulinde barabarani na kwenye barafu.

Ni mimi mdogo wako,
Sylvia