Farasi na Joho la Waziri

Tash-Kechu, 14 Aprili

Mwanangu Begimai,

Salamu zikufikie huko Bishkek, zikukute umekula na umelala, maana najua kazi ikikuzidi unasahau vyote viwili. Sisi ni wazima. Goti la mama yako huuma kila mawingu yanaposhuka mlimani, na wiki hii hayajapanda. Maji ya mafuriko hayakutufikia, yaliishia kwenye ua wa msikiti. Jirani yetu Sagynbai ndiye aliyepoteza kila kitu: nyumba, zizi, na yule farasi wake mwekundu.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Alhamisi polisi walikuja wakamchukua Sagynbai. Walimkuta kwenye matope, anatafuta mlango wa nyumba yake. Wewe unajua kuwa yeye ni mlinzi wa lango la mfereji. Basi lango likivunjika, mkosaji ni mlinzi!

Mimi nilifundisha historia maisha yangu yote na siwezi kuacha kupanga mambo kwa mfuatano, kwa hiyo nivumilie. Kwanza bosi wako, Waziri Dooronbek Satarovich, alisema kwenye televisheni kwamba mkuu wa wilaya hakumpa taarifa kamili. Mkuu wa wilaya akasema kazi ilikuwa ya mkandarasi. Mkandarasi akasema mvua ilipita kiasi. Mvua, kwa kuwa haina msemaji, haikujibu, nikadhani lawama itabaki huko mawinguni. Lakini mvua haifungiki jela. Lawama ikageuka, ikashuka tena, ikawapita wakubwa wote mmoja mmoja bila hata kuwagusa kofia, ikamtulia Sagynbai.

Vuli iliyopita sote tulikuwepo Waziri alipokuja kukata utepe. Lango lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, zuri kama sanduku la bibi harusi. Mnyororo wa kulinyanyulia ulikuwa uleule wa zamani, nao umepakwa buluu. Maji yalipojaa, Sagynbai alizungusha gurudumu, mnyororo ukakatika, lango likabaki limefungwa, na mto ukajitafutia njia katikati ya mtaa. Hii si siri. Kila mtoto hapa anaijua.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni mwisho wa ile hotuba ya televisheni. Waziri aliinamisha kichwa mbele ya kamera, akasema: "Makosa yametokea. Kwa kosa langu, farasi na joho." Aliyasema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Wazee, waliozoea kuona mkosaji akileta farasi na joho kweli, wameyasikia. Mzee Kojomkul, ambaye ndevu zake ndizo nyeupe kuliko zetu sote, aliweka bakuli lake la chai chini, akauliza, "Mwalimu, farasi atakuwa wa rangi gani?"

Swali langu kwako ni dogo. Nani aliyaandika maneno yale? Nilikufundisha kuandika kwenye meza hii hii. Mkono wako naujua, hata ukitokea kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Ni mimi,
Baba yako

*

Bishkek, 19 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Dereva wa teksi amenikabidhi barua yako pamoja na jibini kavu la mama, mwambie nimeshalimaliza. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu simu za ofisini kwetu zina masikio. Mimi ni mzima, ila nimechoka.

Ndiyo, niliyaandika mimi. Mimi ndiye ofisi ya habari ya wizara, baba; wenzangu wawili kazi yao ni kupiga picha. Waziri aliniambia, "Begimai, niandikie kitu cha kugusa mioyo ya watu wa milimani." Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema wewe, na babu kabla yako. Farasi na joho. Ni msemo tu siku hizi! Mtu akichelewa kikao anasema farasi na joho. Aliyekukanyaga mguu sokoni anasema farasi na joho. Hakuna anayeleta hata kwato.

Na hili la Sagynbai usilikuze. Hapa kila mtu anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Habari ikiwa moto, lazima mtu ashikwe. Ikipoa, anaachiwa kimyakimya. Nimeahidiwa. Ukianza kupaza sauti, unaichochea tu isipoe.

Unaniuliza kana kwamba mimi ndiye niliyekata ule mnyororo. Mimi ni kalamu, baba. Kalamu haiulizwi.

Msalimie mama. Mwambie apake mafuta ya kondoo kwenye goti, na aache kunifichia kwamba linamuuma.

Binti yako,
Begimai

*

Tash-Kechu, 27 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako amepaka mafuta na sasa nyumba nzima inanuka kama zizi, lakini anatembea. Kuhusu jibini, anasema uongo wako mtamu, ila anajua hukulimaliza.

Kalamu haiulizwi, unasema. Sawa. Tusiiulize kalamu. Nikueleze tu yaliyotokea Jumanne.

Burul, mke wa Sagynbai, anaishi kwenye hema. Anakaanga maandazi kwenye sufuria aliyoazimwa na kuwapa wageni, kwa sababu hata asiye na nyumba hawezi kumwacha mgeni aondoke kinywa kikavu. Basi mkuu wa wilaya akaja na magunia ya unga na mpiga picha. Burul akaambiwa ashike gunia, atabasamu. Akalishika. Kutabasamu akakataa.

Mzee Kojomkul akasogea kwa fimbo yake. Nakuandikia neno kwa neno, nilikuwa karibu.

"Mwanangu, farasi yuko njiani?"

"Farasi gani, mzee?"

"Wa Waziri. Aliahidi mbele ya nchi nzima. Au yeye atakuja na joho, na wewe ndiye farasi?"

Watu wakacheka mpaka mpiga picha akatikisa kamera. Mkuu wa wilaya akawa mwekundu kama nyama ya shingo. "Mzee, ule ni msemo!"

"Mimi nina miaka themanini na kitu," akasema Kojomkul. "Maisha yangu yote ule ulikuwa farasi."

Kesho yake wazee waliamka wakafagia uwanja mbele ya lango lililovunjika. Wakachimba shimo, wakasimika mti wa kufungia farasi. Wakaukalia mkeka, wakanywa chai. Waliniita mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma, niandike ubao. Nikaandika: MAHALI PA FARASI WA WAZIRI. Mwandiko mzuri, bila mzaha wowote.

Unajua kwa nini nimechoka, Begimai? Sichoshwi na uongo. Uongo nimeufundisha darasani, nina tarehe zake. Ninachoshwa na watu wanaochukua chombo ambacho babu zetu walikitumia kumaliza ugomvi wa kumwaga damu, wanakipunga mbele ya kamera, kisha wanakirudisha mfukoni. Akija siku moja mtu anayetaka kweli kuomba radhi, ataomba kwa maneno gani, ikiwa yote yameshatumika?

Sagynbai bado yuko mahabusu. Habari yenu inapoa polepole sana.

Baba yako

*

Bishkek, 3 Mei

Baba,

Shikamoo. Afya yangu nzuri, usiulize zaidi.

Umefanya nini? Ule ubao wenu umeenea kwenye kila simu ya nchi hii. Wanafunzi wa chuo wamesimika mti kama huo mbele ya wizara. Mtu amefunga hapo farasi wa plastiki wa mtoto. Satarovich anapita kila asubuhi, anageuza uso kama anayeona jua.

Amenitaka niandike ufafanuzi kwamba maneno yale yalikuwa ya kitamathali. Nimeuandika. Akaukataa, eti unamfanya aonekane mwongo. Nikaandika mwingine. Akaukataa, eti unamfanya aonekane mjinga. Nikamwambia, "Dooronbek Satarovich, njia ya tatu ni kupeleka farasi." Hakucheka.

Leo wameniuliza kama yule mwalimu wa ubao ni baba yangu. Nimesema ndiyo. Ningesema nini? Tafadhali uondoeni huo mti. Nakuomba kama mtoto anavyomwomba baba.

Na kuna jingine, ambalo nakuandikia wewe peke yako. Hawatamwachia Sagynbai. Kwa sababu ya mti wenu, wanataka kosa lake lionekane wazi zaidi. Wananitaka niandike kwamba siku ile alikuwa amelewa.

Sagynbai! Mtu asiyeonja hata maziwa ya farasi yaliyochacha kwa sababu yanampanda kichwani. Aliyekuwa akinivusha mto mgongoni ili nisilowanishe viatu vya shule, huku akinisomea majedwali ya hesabu na kuyakosea yote.

Nifanye nini, baba? Na usinijibu kwa historia. Nijibu kama baba.

Begimai wako

*

Tash-Kechu, 10 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akulinde. Mama yako amekusomea dua.

Barua yako ilifika jana mchana, na jana hiyohiyo jioni taarifa ilikuwa imeshasomwa kwenye televisheni. Wamesema alikuwa amelewa. Burul alikuwa amekaa kwetu. Aliomba mama yako azime televisheni, kisha akauliza kama tuna uzi mweusi, akashona kitufe ambacho hakikuwa kimekatika.

Mimi niliisikiliza taarifa ile kama nilivyokuwa nikisahihisha insha. Sentensi ndefu zisizojua zinakwenda wapi. "Chini ya ushawishi wa hali ya ulevi." Begimai, ule haukuwa mkono wako. Nilifurahi kwa dakika moja, halafu nikaogopa, kwa sababu anayekataa kuandika hunyang'anywa kiti.

Uliniomba nijibu kama baba. Sitakuamuru. Mti hatuuondoi, maana si wangu. Nikiung'oa usiku, Kojomkul ataurudisha alfajiri. Ila nikueleze jambo moja, na hili si historia, babu yako alinionyesha kwa macho yangu.

Watu hudhani farasi ni malipo. Si malipo. Mwenye kosa haruhusiwi kumpanda. Anamwongoza kwa hatamu, anatembea kwa miguu tangu mwanzo wa kijiji, joho jipya mkononi, na kila mtu kwenye kila ua anamwona yuko chini kuliko mnyama. Akifika, hasemi "makosa yametokea". Anasema, "Nilifanya hivi." Analitaja kwa jina lake. Hapo ndipo aliyekosewa, akitaka, anavaa joho. Akikataa kuvaa, mwenye kosa anarudi na farasi wake, na aibu ni yake. Kazi yote iko katika kutembea na kutaja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa mabosi wako wanataka kukitoa kwa fimbo ya mtu mwingine.

Niandikie upesi.

Baba yako

*

Tash-Kechu, 21 Mei

Begimai,

Habari za huko? Dereva amerudi mikono mitupu mara mbili. Simu yako imezimwa. Niliipigia ofisi yako, msichana mmoja akasema hafahamu mtu wa jina hilo, na kwa sauti yake nilijua anakufahamu vizuri.

Mama yako anakuwekea sahani mezani. Anapika chakula cha watu watatu.

Kama nimekuponza kwa ubao wangu, niambie hivyo. Nimewasema wakubwa wote kwa kutupiana lawama, na sasa nakesha nikijiuliza ya kwangu ni ipi. Ninachoomba ni mstari mmoja. Usiupambe.

Baba

*

Bishkek, 29 Mei

Baba mpendwa, na mama,

Shikamooni. Nisameheni kwa kimya. Ni mzima, ninakula, na nimelala siku nne mfululizo kama mtoto mchanga, kwa kuwa sina tena kazi ya kuniamsha.

Siku waliponipa ile taarifa ya ulevi niliiacha mezani, nikavaa koti, nikatoka. Nilidhani hilo linatosha. Jioni nikaisikia ikisomwa vilevile, kwa lugha mbovu ya ofisini, ungesema wewe, na Sagynbai akawa mlevi bila kalamu yangu. Nikaelewa kwamba kutoandika si sawa na kusema.

Baba, kuna kitu sikukuambia. Siku ya utepe nilikuwa kwenye gari moja na Satarovich. Mhandisi aligeuka kutoka kiti cha mbele akasema, "Mnyororo haujabadilishwa, mpya bado haujafika." Satarovich akasema, "Basi upakeni rangi, tumeshawaita waandishi." Mimi nilikuwa na hotuba magotini. Ilikuwa na maneno "limekarabatiwa kikamilifu". Nilisikia yote mawili, nikayaacha yale maneno yalivyo, maana sentensi ilikuwa na mwendo mzuri.

Nimekwenda kwa mwendesha mashtaka, nikayasema hayo, nikatia sahihi. Mhandisi alikana siku ya kwanza. Siku ya pili alikuja mwenyewe. Waziri anasema mimi ni mwanamke mwenye kinyongo, na kesho labda atasema ni mvua. Bado ni Waziri. Lakini Sagynbai anatoka Alhamisi, na Ijumaa namleta nyumbani.

Nitashuka kwenye teksi mwanzo wa kijiji. Sagynbai atakuja nayo mpaka uwanjani, akae kwenye mkeka na Burul, asubiri. Mjomba ataniletea farasi pale darajani. Ni mwekundu, jike, mpole, nimemnunua, si wa kuazima. Joho nimelishonesha kwa fundi wa soko la Osh Bazaar, na nimemwambia aache nafasi mabegani, kwa sababu Sagynbai ni mpana.

Sijui kama atalivaa. Njiani sitamuuliza.

Mama, usilie barabarani. Baba, usije kunilaki, na usitembee kando yangu. Najua utataka kunieleza namna ya kushika hatamu. Simama uwanjani na wenzako kama mtu mwingine yeyote. Na ule ubao wako, naomba kabla sijafika uyafute maneno mawili ya mwisho, WA WAZIRI.

Binti yenu,
Begimai