Uzi Mwekundu Kwenye Waya wa Feni

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katutangazia leo: mafundi wawili ni wengi kwa studio ndogo kama hii. Mwisho wa mwezi anabaki mmoja. Mimi au Profesa! Nilijikaza nisicheke. Uprofesa wenyewe tumempa sisi, kwa kuwa kila swali analijibu kwa swali. Miaka ishirini kazini na bado anapima joto la kompyuta kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Kompyuta ya kurekodia inanguruma. Msomaji wetu anarekodi vitabu vya wanafunzi wasioona, na nyuma ya sauti yake — vuuuu. Kitabu kinatakiwa Ijumaa. Profesa kasema feni ya kuipoza ipige kelele tu, mradi mashine inapumua; tuihamishie chumba cha pili, tuvute waya mrefu. Waya mrefu! Akili ni nywele, na yeye ana upara.

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza kabla ya chai. Feni ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ni ya pini tatu; soketi yake kwenye mazabodi, ule ubao mkuu, ni ya pini nne. Soketi hiyo haiwezi kuipunguzia kasi, kwa hiyo feni ni mbio mwanzo mwisho. Nimeichomeka kwenye soketi ya feni ya kasha, ile inayoweza kupunguza umeme. Kimya! Kompyuta ikawaka na onyo kwamba feni ya prosesa haionekani. Naijua iliko, nimeihamisha mwenyewe. Nikalizima onyo.

Waya nimeufunga uzi mwekundu, kama kila waya ninaoushika. Watu waujue mkono wa fundi.

Profesa kapita, kaweka kiganja chake juu ya kasha. "Binti, na ikipewa kazi nzito?" Nikamwambia akanywe chai.

Jumatano, 5 Machi

Kimya bado. Bosi kanisifu mbele ya watu. Profesa kapanguza vumbi kwenye kasha kwa tambara — hiyo ndiyo kazi inayomfaa.

Alhamisi, 6 Machi

Imezima! Tulipoanza kuunganisha sura zote kumi na mbili ziwe kitabu kimoja, ikakata yenyewe. Mara tatu. Sura nne zimeharibika, msomaji kakaribia kulia.

Bosi kauliza nani aliigusa mwisho. Nikasema Profesa, jana, na tambara lake. Si uongo! Mzee kalikunja tambara lake taratibu. Hata kujitetea hajui. Bosi kasema kesho asubuhi Profesa atalifungua kasha mwenyewe, mbele yetu sote, tuone alichovuruga. Na akishalifungua, aende zake.

Nyumbani dada kaniuliza mbona nafurahi kama mtu aliyeiba. Dada hajui chochote kuhusu kompyuta.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeng'amua nikipiga mswaki. Soketi ya kasha inafuata joto la mazabodi, si la prosesa! Prosesa inaungua, feni inajivuta tu. Na ile kompyuta ilinionya, nikaifunga mdomo. Mimi! Si Profesa, si tambara.

Nimekimbia nusu ya njia ili niwahi kuurudisha waya. Sikuwahi. Nimekuta kasha liko mezani, bosi kasimama, msomaji, mhasibu, hata mfagizi na ufagio wake. Nimekaa pembeni na daftari hili, nionekane nina kazi.

Profesa kashika bisibisi. Kwanza kaweka kiganja juu ya kasha, ingawa limezimwa tangu jana. Kisha kanigeukia, kwa adabu yake ileile inayoniudhi: "Binti, una lolote la kusema kabla sijafungua?"

Nimesema sina. Sina! Ulimi gani huu? Alinipa mlango, nikaubamiza.

Anajua. Nadhani anajua tangu Jumanne.

Skrubu ya kwanza imetoka. Kaiweka mezani taratibu, kichwa juu. Ya pili. Bosi anatazama saa, anamwambia afanye haraka. Ya tatu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nikiinuka sasa bado nitakuwa nimesema mwenyewe. Nikikaa, uzi utanisemea.

Ya nne. Kifuniko kimekwama kidogo. Profesa kasema ndani kuna giza, macho yake yamezeeka, kaomba nikamshikie tochi. Kanifungulia mlango tena; naweka kalamu —