Maranda ya Wiliam

Jumamosi, 22 Novemba 2025

Wiliam karudi kutoka Makambako. Waume wengine huleta vitenge. Wangu kaleta maranda! Viroba kwa viroba, kutoka kwa mtu wa mashine ya mbao aliyekuwa anatafuta pa kuyatupa. Nilimwambia mwaka huu sichomi mabua shambani, nataka udongo upate mboji. Kumbe alisikiliza. Nimeshukuru, maana mume kusikiliza si jambo la kudharau.

Mama mkwe kaviangalia viroba, kauliza kama tunataka kulima au kufuga kuku.

Yeye amechoma mabua kila mwaka tangu aolewe hapa kijijini Yakobi. Shamba ni lake. Kanipa msimu huu mmoja: mahindi yakikataa, anapanda misindano ya mbao. Miche anayo tayari, kaipanga kivulini nyuma ya jiko, kila nikifuata kuni naiona. Misindano ikishaingia, nitazeeka naiangalia. Shamba lingine sina.

Jumatatu, 24 Novemba

Tumefukia. Mabua chini, maranda juu yake, udongo, kisha mbegu. Mgongo si wangu tena. Maranda yaliisha kabla ya mpaka wa juu, mistari michache ikakosa. Wiliam kasikitika, eti hiyo mistari itaona wivu.

Jumapili, 14 Desemba

Yameota vizuri. Baada ya ibada nilipitia shambani na viatu vya kanisani, nikasimama kuyatazama mpaka soksi zikalowa. Mama mkwe anasema ni mapema mno kujisifu. Sikujisifu. Nilitabasamu tu, kwa meno yote.

Jumanne, 30 Desemba

Njano. Majani ya chini yote — kuanzia ncha, inashuka katikati ya jani. Nimepita mstari kwa mstari nikidhani ni macho yangu. Halafu nikafika juu, kwenye mistari iliyokosa maranda. Kijani! Kijani cha kutia hasira. Yaani pale mapenzi ya Wiliam yalipoishia ndipo mahindi yanapopendeza.

Nimempigia simu Wiliam, karudi tena Makambako. Kauliza kama alete mengine. Nikakata. Nimecheka, halafu nikalia kidogo. Naogopa kulikosa hili shamba.

Jioni Mama mkwe kaimwagilia maji miche yake, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nimemwelewa.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Esnath, bibi shamba wetu, kaja na pikipiki, matope hadi magotini. Kang'oa shina moja, kanusa udongo, kacheka. Nikajua huyu naye katumwa na Mama mkwe.

Anasema udongo una vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyoozesha mabua na majani mpaka yawe chakula cha mmea. Ila maranda ni makavu mno, naitrojeni karibu hayana, na bila hiyo vijidudu haviwezi kuyala. Basi vinaichota kwenye udongo — ileile ya mahindi. Vikishamaliza na kufa, inarudi. Lini? Labda msimu ujao. Nimeelewa: tumealika wageni wengi, wametangulia mezani, watoto wanangoja mlangoni.

Kutochoma si kosa, kasema. Kosa ni maranda yasiyooza na mbegu kuingia pamoja. Tungeyalundika kwanza na samadi mpaka yawe meusi. Sasa niweke samadi iliyoiva kando ya kila shina, na mbolea ya kukuzia kidogo, upesi.

Samadi iliyoiva ipo. Rundo zuri, jeusi, nyuma ya zizi. La Mama mkwe. Kalitunza kwa ajili ya viazi vyake.

Jumamosi, 3 Januari

Nimeenda kuomba. Nilipiga magoti vizuri kuliko kawaida. Kamwene, mama, nikasalimu. Kaitikia kamwene huku ananitazama kama mtu aliyeshajua kuna shida. Nikamweleza yote, vijidudu na wageni na meza.

"Hao wageni wanakula mpaka lini?"

Mpaka maranda yaishe, nikasema.

"Nani aliwaalika?"

Mwanao, mama.

Kacheka mpaka kashika mlango. Halafu kachukua jembe, kaenda zake shambani bila kuniita. Nikafuata kwa mbali. Nilijua anaenda kuchimba mashimo ya misindano.

Kainama kwenye mistari ya njano, kafukua kidogo, kapitisha vidole humo. Bila kunitazama kasema kwao Makete wakati wa usichana wake walifukia majani kwenye matuta, hawakuchoma. Alipoolewa huku mkwe wake alimkataza, na yeye hakubisha. Nilimhurumia.

Kisha: "Lete samadi. Ndoo mbili, tutabeba wote. Na Wiliam asijue, atasema mahindi yamepona kwa maranda yake."

Nimeingia ndani kutafuta ndoo ya pili, naandika nimesimama. Mahindi bado ni ya njano. Anasema nikikawia ataanza kubeba kwa mikono — anaita tena —