Kwa Papa Buhendwa, Aliyefundisha Upasuaji Uani Kwetu

Mwaka mzima umetimia, Papa, tangu asubuhi ile ya Julai 2021 korona ilipokuchukua. Familia imeniachia mimi, Bibiche, kitinda mimba wako, nikuandikie. Nilitaka kuandika kwa upole. Nitajaribu.

Wengi Goma walikujua kama Daktari Buhendwa, mpasuaji. Jirani zetu wa mtaa wa Majengo walikujua kama muzee anayenunua matumbo ya mbuzi kila Jumamosi, na hali hana mgahawa.

Ilianza Machi 2020. Hospitali yako iliwafungia madaktari vijana chumba cha upasuaji. Barakoa zilikuwa chache, wakawa wanaingia wakubwa peke yao. Hukugombana. Ulirudi nyumbani, ukanawa mikono, ukamwambia Mama: "Hii ugonjwa itaisha siku moja. Siye wakubwa tutakuwa tumezeeka. Ni nani atajua kushona mutu?" Jumamosi iliyofuata palikuwa na meza sita uani, juu ya mawe meusi ya volkano, zimeachana, na kwenye kila meza daktari mmoja aliyefunika pua.

Ulitufundisha kukata utumbo, kuushona, kisha kuujaza maji kwa jagi. Ukivuja, hukukaripia. "Docta, mugonjwa wako amekufa. Kata, anza tena." Mimi, niliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, niliua wagonjwa kumi na wanne kabla ya wa kwanza kupona. Nilipokuambia nimesoma sura yote ya kitabu, ulijibu, "Mukono haisomi, mama."

Na tunakumbuka siku Mama alipochemsha miguu ya nguruwe akidhani ni ya chakula, kumbe ndiyo tuliyokuwa tumejifunzia kushona ngozi. Mjomba Mapendo alitoa uzi wa buluu mdomoni. "Généreuse, hii nguruwe ilikuwa hospitali?" Wewe uliuchukua ule uzi, ukauvuta, ukaangalia fundo. "Ni ya Prodige. Saa mbili ku moto, na haikufunguka. Huyu yuko tayari."

Ulisema kweli. Prodige Kataliko, mmoja wa madaktari wa zile meza sita, alipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Kalengera, ambako barabara ikifungwa hakuna wa kumwita. Aliletewa mama mwenye utumbo uliotoboka. Akampasua, akamshona. Alinipigia simu akilia: "Bibiche, haikuvuja." Wakati huo ulikuwa umezikwa wiki tatu.

Ndiyo sababu nina hasira, Papa. Masoko yamefunguliwa. Misa imejaa tena. Baa za Majengo hazikuwahi hata kufunga vizuri. Ni chumba cha upasuaji peke yake ambacho bado kinaogopa ugonjwa. Tunaonyeshwa operesheni kwenye ekrani, watu kumi na wanane mbele ya televisheni moja, halafu tunapewa cheti kwamba tumejifunza. Nina diploma, na mtu aliye hai sijamshona hata mmoja. Tumeandika barua tatu tukiomba mafunzo yako yaingizwe hospitalini. Ile ya tatu niliipeleka mwenyewe. Katibu akaniambia, "Docta mudogo, muvumilie, mukubwa atasoma."

Mwezi ujao wenzangu wa darasa wanatumwa vijijini. Watano kati yao hawajawahi kushona hata mbuzi. Mama wa kijijini mwenye utumbo uliotoboka, naye avumilie?

Lakini kuna kosa moja ambalo ni letu. Ulipozikwa tulisimamisha masomo ili tungoje ruhusa. Wewe hukuwahi kuomba ruhusa ya kununua mbuzi.

Basi, misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii saa moja asubuhi, parokiani kwetu. Baada ya misa hatutakaa kupokea pole. Prodige, ambaye sasa anawatibu waliokimbia vita huko Kanyaruchinya, atakuja kufundisha, nami nitamsaidia. Wale watano wamekubali kuja. Daktari kijana mwingine yeyote anayengoja barua, asingoje. Aje nyumbani saa tatu.

Wanaokukumbuka: mke wako, Mama Généreuse, watoto wako Akonkwa, Charline na Bibiche, shemeji yako Mapendo, wajukuu wako, na madaktari wote uliowafundisha uani.

Siku zote tutakukumbuka, Papa. Jumamosi, tutakukumbuka tukiwa kazini.