Mso wa Bei Chee

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Najua mwaka wa sita huu hujaniitikia, lakini naandika nikiwa nimevua kofia.

Katika Kirua Vunjo yote hajazaliwa mfanyabiashara wa kunipunja. Waulize watu. La, usiwaulize, watacheka mpaka wadondoshe meno. Nilipunjwa, tena nikichekelea, na aliyelipa ni wewe.

Unaikumbuka wiki ya posa ya binti yangu Anna. Ndizi zako za mbege, pombe yetu ya mlimani, zilikuwa zimeshapikwa na kulala kwenye pipa siku zake zote. Ulibakiza kutia mso tu, huo unga wa ulezi uliooteshwa. Ukanituma: "Nenda kwa Mama Ndeshi. Wake ameuotesha mwenyewe, ameuanika mwenyewe. Na usimpigie kelele za bei, mjane wa watu!" Nikaitikia kama mtoto wa kipaimara.

Lakini siku zile kila kitu ruksa. Malori yalikuwa yanashusha Moshi mjini hata vitu tusivyovijua majina. Nikampita Mama Ndeshi mlangoni kwake, nikateremka. Muuzaji mmoja wa Majengo akanidaka: "Baba, mso wa mashine huu, nusu bei! Nyie wa mlimani mtaanika ulezi mpaka lini?" Nikaona huyu ndiye mtu mwenye akili. Nikanunua debe zima, na chenji ikatosha miwani ya jua.

Debe lile lilikuwa mahindi, dada. Ulezi ulikuwa juu tu, kama heshima ya mlevi. Nikakuambia umetoka kwa Mama Ndeshi, ukaniamini, ukautia.

Wakwe wakaja kutoka Marangu, wakaketi. Na kwetu mpika mbege huonja kwanza, mgeni ajue hakuna baya. Ukachota kata, ukanywa, ukasimama. Ulimi wako ulijua palepale. Ukanigeukia. Mimi na miwani yangu nikawa natazama migomba kana kwamba nimeajiriwa kuilinda.

Ukameza. Ukasema, "Wakwe zangu, mnisamehe. Mkono wangu umezeeka."

Ungeweza kunitaja. Hukunitaja. Wakwe wakanywa kwa adabu, matumbo yao yakanguruma kuliko lori la mkaa kwenye kilima. Posa ikapita, lakini jina lako lilibaki njiani. Hadi Krismasi hakuna aliyekuagiza mbege tena, na sokoni wakaiita uji wa wagonjwa. Ukafunga mizigo, ukaenda kwa mwanao Morogoro. Mama Ndeshi naye aliacha kuotesha ulezi, maana nilishawatangazia wanaume wote wa kilabuni ile nusu bei, nao wakateremka mjini kwa foleni. Na miwani? Kioo kimoja kilidondoka kabla ya Pasaka.

Nilinyamaza miaka yote hii nikijidanganya kwamba tumelipana. Si utotoni wewe ulivunja kibuyu cha baba, nikachapwa mimi? Lakini fimbo za baba ziliisha jioni ileile. Zako hazijaisha.

Kwa hiyo, kabla sijaitia barua hii posta, nimeibandika nakala yake kwenye mlango wa mashine ya kusaga, pale anapopita kila mtu. Mwandiko wa darasa la nne, lakini unasomeka. Jirani akapiga kelele, "Kumbe ni wewe, mzee mwongo!" Nikamjibu asome mpaka mwisho, nauli ya kucheka ni bure. Mama Ndeshi hakucheka. Alisoma, akarudi kwake, akaloweka ulezi. Mpaka ninapoandika mistari hii ya mwisho umeanza kutoa vijimkia.

Mwezi ujao wakwe wanakuja tena, safari hii kwa ajili ya mdogo wake Anna. Sitaki pipa la mtu mwingine uani kwangu. Humu ndani nimekutilia jani la isale, la kuombea msamaha kama wazee wetu. Litafika limekauka, lakini isale ni isale, na hukulelewa kuikataa.

Sasa tuje kwenye haki yangu. Siku ile ya kibuyu, ukinipaka mafuta mgongoni, uliapa: "Siku nikipika mbege yangu ya kwanza, nikishaonja mimi, anayefuata ni wewe." Ukaja kumpa yule mchumba wako mwenye baiskeli! Nimesubiri vya kutosha. Njoo uonje, kisha hiyo kata unipe mimi.

Ni mimi mdogo wako,
safari hii bila miwani.