Kibao cha Msichana Mlangoni

Šentrupert,
Jumapili, 7 Juni 1998

Mpendwa Shangazi Zdenka,

Leo nimeapa kukueleza yote, bila kuruka hata lile ninalotamani kuliruka. Lakini kwanza, shikamoo. Hujambo huko Mendoza? Mjomba Marcelo na mapacha hawajambo? Baba anasema kwenu sasa baridi inaanza, kwa hiyo naomba ukitunze kifua chako. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Goti la Babu linapona vizuri tangu apasuliwe, na sasa anatembea kwa fimbo moja badala ya mbili. Cheri zimeiva, ila za juu zote ndege wameshazila.

Ulipopiga simu wiki iliyopita, nilikimbilia bafuni nikajifanya naoga. Sikuwa naoga. Nilikaa ukingoni mwa beseni na nguo zangu zote, nikimsikia Baba akikwambia kwamba gari litakuwa tayari. Ndiyo maana naandika.

Gari lenyewe unalijua kwa maneno tu. Zamani lilikuwa likisambaza mikate, na hata sasa, siku ya jua, ukifungua mlango unasikia harufu ya mkate. Tangu Februari Baba amejaza sufu ya kondoo ndani ya kuta zake ili tusigande, na amekata dirisha kwenye paa (mvua ya kwanza iliingia yote, Mama akasema sasa tuna bafu pia). Ameweka kitanda kinachokunjwa kikawa meza, sinki dogo, jiko la gesi, na turubai la kuvuta ubavuni. Mama ameshona mapazia ya maua. Hayo yote ni kwa ajili yako, ili tarehe tisa Agosti tukupokee uwanja wa ndege wa Venisi, kisha tukuzungushe baharini na milimani, usilale hotelini kama mgeni. Kiti cha mbele ni cha Babu. Alikuwa ameshaweka na mto wake wa kukalia. Miaka kumi na tisa tangu uondoke, Shangazi, hajatamani safari nyingine.

Mimi nilipewa urembo wa ndani.

“Živa, milango ya makabati ni yako,” Baba alisema. “Ipambe ili Zdenka akiingia tu, ajue amefika kwao.”

Nikaomba ufunguo, na wiki moja bila mtu kuchungulia.

Siku hizo Babu alikuwa bado kwenye kituo cha mazoezi ya goti. Nilikwenda kwenye banda la nyuki nikavitazama vile vibao vilivyochorwa, kila kimoja juu ya mlango wa mzinga wake. Yule mwindaji anayebebwa kaburini na wanyama. Yule shetani anayenoa ulimi wa mwanamke. Na cha kwako, ulichokichora ukiwa na umri kama wangu, dubu anapiga kodiani na msichana mdogo yuko penye mlango wa buluu. Nikaona kwetu ni hapa hasa. Nilivifungua sita kwa bisibisi, asubuhi ya jua, nyuki wakinipita masikioni kwenda kazini.

Nilijua, Shangazi. Hilo ndilo linaloniumiza. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba nyuki huutambua mzinga wake kwa rangi na picha iliyo juu ya mlango. Mwaka jana niliandika insha ya jambo hilo hilo, nikapata tano, ambayo hakuna alama ya juu yake, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Lakini asubuhi ile nilikuwa na makabati tu kichwani.

Vibao vitano vilitosha sawasawa. Cha kwako kilizidi kabati la juu ya sinki kwa vidole viwili. Nikakikata kwa msumeno wa Baba, upande ule wa mlango. Ukingo ukawa na vibanzi vya kuchoma, nikachukua mashine ya msasa niulainishe. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Iliteleza mara moja tu. Nilipopuliza vumbi, dubu alikuwepo na kodiani yake, lakini msichana hakuwepo tena. Lilibaki doa jeupe la mbao tupu na kipande cha utepe mwekundu.

Babu alirudi Ijumaa ya wiki hiyo. Unamjua, huwaamkia nyuki kabla ya kutuamkia sisi. Alikuta vita. Nyuki walikuwa wakirudi na mizigo yao, wanaingia mzinga wa jirani, wanauawa mlangoni. Katika mzinga wa tatu malkia kijana alikuwa ametoka kwenda kupandwa, na aliporudi alikosea nyumba. Babu alimwokota kwenye nyasi akiwa amekufa, akamweka kiganjani. Mimi nilikuwa dirishani nikimtazama.

“Ni wezi hao,” Baba alisema mezani. “Wale wa vitu vya kale.”

Babu hakula. Alichukua fimbo akaenda kwa Matevž, jirani yetu, kwa sababu kila Krismasi Matevž humsumbua amuuzie vile vibao. Wanacheza karata pamoja tangu kabla hujazaliwa. Nilimsikia akimwita mwizi mbele ya mkewe, nami nikaendelea kumenya viazi. Nilivimenya mpaka vikabaki vidogo kama jozi. Mama akaniuliza nina nini, nikasema kichwa.

Jumapili yake baada ya misa majirani walikuja kuliona gari. Mama alikuwa ameoka potica, ule mkate mtamu uliojaa jozi. Nilikuwa nimepanga kusema kabla mlango haujafunguliwa, na maneno nilikuwa nayo, lakini kila nilipofungua mdomo mtu alinipa sahani. Matevž naye akaja bila kualikwa, amevaa sare yake ya zimamoto, nadhani ili aonekane mtu safi. Baba alipofungua, yeye ndiye aliyechungulia wa kwanza.

“Vinko! Njoo, mzee, vitazame vibao vyako. Vimepata mapazia ya maua na sinki!”

“Unasema nini wewe?” Babu akamuuliza.

“Nasema mwizi amepatikana. Picha yake ya komunyo umeitundika sebuleni kwako, ina kola nyeupe.”

Nikasema, “Ni mimi,” ingawa hakuna aliyekuwa bado hajui.

Babu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliomba bisibisi, akafungua kimoja kimoja, akavirudisha bandani bila kuuliza kipi ni cha mzinga upi. Cha kwako alikibeba kwa mikono miwili, fimbo akaiacha chini. Kisha akavuka ua akavua kofia mbele ya Matevž, mtu wa miaka sabini na minne anaomba radhi kwa kosa langu.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe. Matevž aliniambia, “Babu yako alikuja jana na goti moja. Wewe una mawili, mjukuu wangu, ulichelewa wapi?” Kisha akanipa cheri, nikazila nikilia, na kokwa zake sikujua nizitemee wapi.

Tangu siku ile Babu hapiti upande wa gari. Baba alipomuuliza kuhusu Agosti alisema, “Nendeni nyinyi. Mimi Zdenka nitamngoja hapa. Kwenye gari hilo msinihesabu.” Mto wake ameurudisha jikoni. Kwa hiyo ukitoka pale Venisi usimwone, ujue ni mimi niliyekunyima, si yeye.

Lakini juzi nilipotoka shule nilikuta mezani kwangu kibao kipya, kimepigwa randa vizuri, kina kipimo kile kile. Kando yake palikuwa na kopo la brashi zako za zamani. Hakuna barua. Dubu nimeshamchora, na kodiani yake. Nikaenda bandani kumuuliza Babu juu ya msichana.

“Anaingia,” akasema.

“Anatoka,” Baba akadakia kutoka uani. “Utepe ulikuwa unapepea nyuma yake.”

“Utepe gani! Nimekitazama kibao hicho kila asubuhi tangu Zdenka aondoke. Utanifundisha wewe?”

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyosema Babu nikiwa karibu tangu Jumapili ile. Na leo nimeuona mto wake wa kukalia umeanikwa juani.

Nisalimie Mjomba Marcelo, mapacha Inés na Pablo, na mama mkwe wako Amalia. Mama na Baba wanakusalimu sana. Mungu akulinde angani na nchi kavu, akulete kwetu ukiwa mzima. Msamaha sitauomba kwa kalamu, nitauomba nikikuona.

Rangi ya buluu nimeikoroga, lakini sithubutu kugusa mlango kabla ya neno lako. Tafadhali nijibu siku hiyo hiyo upatapo barua hii, hata kwa kadi ndogo: yule msichana, Shangazi, alikuwa anaingia au anatoka?

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda kabla hajakuona,
Živa