Sanduku Lililorudi na Helikopta

Jumapili, 8 Februari. Baridi kali, theluji laini tangu alfajiri. Nimerudi nyumbani, mtaa wa Mount Dennis huku ughaibuni, saa nane mchana na mpaka sasa sijavua koti.

Leo nimemdanganya Dada Anna.

Baada ya ibada tulikuwa ukumbi wa chini wa kanisa, tunakula. Hunitania kila wiki. "Kaka Damasi, kula bwana! Unadonoa kama mgonjwa aliyekatazwa chumvi." Kisha akaketi karibu, sauti ikashuka. Mdogo wake, Koplo Yosefu, alifia kilimani mashariki mwa Kongo, jeshi letu lilikopelekwa kulinda amani. Kuna mtu amemwambia kwamba nami nilikuwa huko.

"Eti helikopta hazikufika, kaka?"

"Hazikufika, dada. Ukungu."

Akanishika mkono, akanishukuru. Nikaenda kuosha sahani za watu.

Hapakuwa na ukungu. Helikopta ilifika.

Mimi nilikuwa chini, kwenye uwanja wa helikopta, mpakiaji wa mizigo. Wenzetu juu kilimani walikuwa wamezingirwa siku ya tano. Hata maji ya kunywa yalitoka angani. Walituma orodha kwa redio: dawa na bandeji kwanza, kisha maji, risasi, biskuti. Helikopta haikuweza kutua kwa jinsi ilivyokuwa ikipigwa. Ilielea juu yao kama dakika moja, mizigo ikasukumwa nje, ikaondoka. Ndiyo maana kinachohitajika kwanza hupakiwa mwisho, karibu na mlango. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine hivyo.

Asubuhi ile nilipakia kama orodha ilivyosomeka. Dawa kwanza, ndani kabisa. Kila mstari nikautia alama, nikaridhika.

Helikopta iliporudi ikiwa na matundu ubavuni, sanduku la dawa lilikuwa palepale nilipoliweka. Nililishusha mwenyewe. Siku hiyo haikuruka tena.

Yosefu alikuwa amepigwa risasi ya paja asubuhi hiyo. Redioni walimtaja mpaka jioni, kisha wakaacha kumtaja.

Hakuna aliyeniuliza. Miaka yote nimejiambia kwamba angekufa tu. Huenda. Lakini ukungu nimeutunga leo, nikiwa nimeshiba, mbele ya dada yake.

Saa kumi nikamwandikia: "Dada, nilikudanganya. Helikopta ilifika. Kuna jambo nililokosea mimi. Naomba nije nikueleze ana kwa ana."

Saa kumi na moja akajibu: "Njoo kesho saa nne asubuhi. Nitampigia simu mama yetu aliye Songea, naye akusikie. Hajaacha kuuliza kama mwanawe aliteseka sana."

Mama sikumfikiria.

Nitakwenda. Nimeshaomba ruhusa kazini. Ila mama akiniuliza mwanawe aliteseka kwa muda gani, jibu ninalo, toka asubuhi hadi jioni. Nitaweza kulitamka?